Una "Wimbo Usiowahi Kutoka"? Uchunguze Kabla ya Kuutangaza

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Amepata faili la FLAC, muundo wa sauti usiotupa chochote, la dakika 6 na sekunde 41, lina jina la mwanamuziki wa elektroniki Aphex Twin, mwaka 1996, na maneno "haujawahi kutoka". Akalipandisha kwenye kundi la mashabiki akitegemea shangwe. Haikupita nusu saa akaitwa mwongo, na chapisho lake likafutwa. Anauliza afanye nini ili wamwamini.

Ndugu yangu, pole. Wasimamizi wangekuonyesha kosa lilipo badala ya kufuta chapisho lako. Lakini swali umeliuliza kichwa chini miguu juu. Kabla ya kutafuta wa kukuamini, wewe mwenyewe umeliamini faili hilo kwa lipi? Jina la faili huandikwa na yeyote mwenye kibodi. Mwaka ni hivyo hivyo, na picha ya jalada ni hivyo hivyo. Kigumu kughushi ni kile kilichomo ndani ya sauti yenyewe, na hicho hukukigusa.

Nitajibu kwa urefu kwa sababu kosa hili linarudiwa kila siku, na linaumiza zaidi kwenye muziki wa elektroniki kuliko kwingine. Richard D. James, ndiye Aphex Twin mwenyewe, peke yake ametoa kazi kama Aphex Twin, AFX, Polygon Window, Caustic Window, The Tuss na majina mengine. Santuri nyingi za muziki huu hutoka na karatasi nyeupe katikati, bila jina la msanii wala la wimbo. Kumbukumbu yake imetunzwa na mashabiki kuliko magazeti. Discogs, daftari kubwa la santuri mtandaoni, ilianza mwaka 2000 ikiorodhesha muziki wa elektroniki, na mpaka leo inajazwa na watu wa kawaida. Faili lenye jina la uongo likipita leo, kesho linanakiliwa, keshokutwa linaingia kwenye orodha, na baada ya miaka kumi shabiki mwingine analitaja kama ukweli. Kulifuta hapo ni kama kuokota maji yaliyomwagika.

Anza na macho, masikio yatafuata. Fungua faili ndani ya Spek, programu ya bure inayochora spektrogramu: muda unakwenda kushoto kulia, masafa yanapanda kutoka chini kwenda juu, na mwanga unaonyesha nguvu ya sauti. Audacity nayo inafaa, lakini ina mtego. Ukibadilisha mwonekano kuwa spektrogramu, hakikisha kipimo cha juu kabisa kimewekwa 22050. Kikiwa chini ya hapo utaona ukingo ambao hauko kwenye wimbo, umewekwa na mpangilio wa programu, na utamsingizia mtu bure.

Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inaweza kubeba masafa hadi nusu yake, yaani mitetemo 22,050 kwa sekunde, au 22.05 kHz. MP3 haifiki huko. Ili kuokoa nafasi, inatupa masafa ya juu ambayo sikio huyasikia kwa shida. MP3 ya 128 kbps (kilobiti kwa sekunde) kwa kawaida hukatika karibu na 16 kHz, ya 320 kbps karibu na 20 kHz. Mtu akiichukua MP3 hiyo na kuigeuza kuwa FLAC, faili linanenepa lakini kilichotupwa hakirudi. Kwenye Spek utaona dari: mstari ulionyooka kama umekatwa kwa rula, na juu yake giza tupu. Faili la msomaji wetu, kwa picha aliyonitumia, lina dari kwenye 16 kHz tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni MP3 iliyovishwa kanzu ya FLAC. Haimaanishi kwamba wimbo ni wa uongo. Inamaanisha kwamba aliyempa, au aliyempa aliyempa, hakuwa na nakala ya asili, na alificha hilo au hakulijua.

Hapa ndipo wengi wanaojiona wataalamu hukosea, kwa sababu wanajua nusu ya somo. Si kila dari ni MP3. Mwanamuziki wa miaka ya 1990 aliyetumia sampla, mashine ya kunasa na kucheza vipande vya sauti, yenye kumbukumbu ndogo mara nyingi alirekodi vipande kwa kiwango cha chini ili vienee, na vipande hivyo vina dari yake vyenyewe. Tofauti ni hii: dari ya ala moja huja na kuondoka na ala hiyo. Ngoma ikinyamaza, inatoweka, na matoazi yakiingia yanapita juu yake. Dari ya MP3 haimjali mtu, inakaa juu ya kila kitu. Kaseti nayo haina dari kali. Masafa ya juu yanafifia polepole, na juu ya yote kuna ule mlio wa "shhh" wa utepe. Santuri ndiyo rahisi kuliko zote: kila punje ya vumbi inapogongwa na sindano hutoa mlio mfupi unaoonekana kama mstari wa wima kutoka chini mpaka juu kabisa. Ukiona mistari hiyo ya vumbi imekatwa vichwa vyote kwenye 16 kHz, santuri ilikuwepo kweli, lakini kati yake na wewe ilipita MP3.

Kuna alama nyingine mbili ninazozipenda. Redio ya FM hupunguza muziki karibu na 15 kHz na kurusha toni ya 19 kHz inayoiambia redio yako kwamba matangazo ni ya stereo. Rekodi nyingi za vipindi vya redio zimebeba toni hiyo kama uzi mwembamba, ulionyooka, ukielea peke yake gizani juu ya muziki. Na ukiona uzi kama huo kwenye 15.6 kHz au 15.7 kHz, kulikuwa na televisheni ya zamani ya kioo kinene chumbani, au sauti ilitoka kwenye mkanda wa video. Mfumo wa PAL uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya hulia kwenye 15,625 Hz, na ule wa NTSC wa Marekani kwenye 15,734 Hz. Mtu akikwambia "hii imetoka kwenye mkanda wa studio" na uzi wa 19 kHz uko pale pale, mjibu kwa picha.

Ukishazoea kusoma picha hizi, fungua wimbo wa pili wa "Windowlicker" wa mwaka 1999, ule wenye kichwa cha fomula ya hisabati. Karibu na mwisho kuna uso wa binadamu uliochorwa ndani ya sauti. Weka kipimo cha masafa kiwe cha logarithimu, kwa sababu kwenye kipimo cha kawaida uso unapindishwa. Ni mazoezi mazuri ya kujua kama umepanga programu vizuri: usipouona uso, tatizo liko kwenye mipangilio yako.

Baada ya picha, kasi. Santuri huzunguka mara 33⅓ au 45 kwa dakika, na santuri ya karatasi nyeupe mara nyingi haisemi ni ipi. Uwiano wa kasi hizo ni 1.35. Wimbo wa midundo 128 kwa dakika ukichezwa kwa 45 badala ya 33⅓ unakuwa wa 172.8, na sauti yake inapanda nusutoni tano na kidogo. Nyimbo ngapi zimesambaa kama "toleo la kasi ambalo hakuna aliyelijua", kumbe ni kitufe cha kinanda cha santuri!

Kupima kasi ya mdundo usitegemee tovuti inayokadiria yenyewe, maana mara nyingi hutoa nusu au mara mbili ya jibu. Hesabu mwenyewe. Tafuta mahali mapigo ya ngoma yako wazi, bonyeza saa kwenye pigo la kwanza ukisema "sifuri", si "moja", kisha simamisha ukifika 64. Gawanya 3,840 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 30 ni midundo 128. Ukianza na "moja" utakuwa umepima vipindi 63 tu, na wimbo wa 128 utausoma kama 130. Kosa hili dogo ndilo chanzo cha mabishano mengi ya "hii si toleo lile lile".

Kwa rekodi za maonyesho kuna njia nzuri zaidi, na wachache wanaitumia. Sikiliza sehemu ya kimya kabla muziki haujaanza au baada ya kwisha. Vifaa vingi huvuma kwa umeme wa ukutani. Umeme wa Ulaya huzunguka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Kwenye Audacity teua sekunde kadhaa za kimya hicho, fungua mchoro wa spektra, ongeza ukubwa wa kipimo hadi 32768, na utafute vilele. Usitazame 50 pekee, kwa sababu huko chini besi inaweza kukudanganya. Tazama 100 na 150. Kilele cha 150 kikiwa kimehamia 156, utepe ulikwenda kasi kwa asilimia 4, na ukiurudisha kwa kiasi hicho muziki unakaa mahali pake. Onyesho linaloitwa la London likiwa na mvumo wa 60 na 120, ama mahali si London, ama kasi imepotea kwa asilimia 20. Yote mawili yanaweza kupimwa. Hakuna haja ya kutukanana.

Sasa tuje kwenye seti za madijei, ambako ndiko mashabiki wengi wapya huanzia. Mtu anasikia wimbo katikati ya seti ya saa mbili, anabandika kiungo na kuandika "wimbo gani huu?" Hakuna anayejibu, kisha anasema jamii yetu ina kiburi. Tupe cha kufanyia kazi. Kata kipande cha sekunde 20 hadi 30 mahali ambapo wimbo mmoja tu unasikika, si pale dijei anapochanganya mbili. Andika dakika na sekunde ya mwanzo, tarehe na mahali pa seti, wimbo uliotangulia na unaofuata ukiujua, na maneno yoyote yanayosikika hata kama ni silabi tu. Shazam ijaribu, lakini jua inavyofanya: inalinganisha alama za sauti na zile zilizo kwenye hifadhi yake. Wimbo usiotoka haumo. Na nyimbo mbili zilizotumia sampuli moja ya ngoma zinaweza kuifanya itaje ule maarufu. Jibu la Shazam ni fununu, kasikilize wimbo iliyoutaja mwanzo hadi mwisho.

Pia kumbuka kitelezi cha kasi. Kwenye kinanda cha santuri cha Technics SL-1200 kinaruhusu asilimia 8 juu na 8 chini. Wimbo wa 128 unaweza kusikika popote kati ya 118 na 138, na kama dijei hakufunga ufunguo, yaani hakuizuia sauti isipande wala kushuka pamoja na kasi, sauti nayo inahama: asilimia 6 hivi ni nusutoni nzima. Usikatae jibu la mwenzako kwa sababu "ufunguo ni tofauti" kabla hujafanya hesabu hiyo.

Ukishajua ulichonacho, kitunze. Usiligeuze faili ulilopokea, hata kama ni MP3 mbaya. Kulibadili kuwa muundo mwingine kunafuta alama ambazo mwenzako angezitumia kulifuatilia. Tengeneza alama ya SHA-256: kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, kwenye Mac ni shasum -a 256, kwenye Linux ni sha256sum. Watu wawili wakiwa na alama ile ile, wana faili lile lile, hata kama majina yanatofautiana. Lakini ukibadilisha hata herufi moja ya lebo za ndani, alama inabadilika yote. Ndiyo maana kwa FLAC tunatumia pia metaflac --show-md5sum, ambayo husoma alama ya sauti peke yake iliyohifadhiwa ndani ya faili. Unaweza kubadilisha jina la wimbo mara mia, alama hiyo haitikisiki. Ikionyesha sifuri tupu, programu iliyotengeneza faili haikuiweka. Si dalili ya udanganyifu.

Na kando ya kila faili weka faili dogo la maandishi lenye njia iliyopitia, kuanzia chanzo: santuri gani, herufi zilizochongwa kwenye ukingo laini karibu na katikati, sindano, programu ya kurekodi, muundo, aliyekupa na tarehe. Hizo herufi zilizochongwa ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na la kurudiwa pale majalada yanapofanana. Inamisha santuri kwenye mwanga wa upande, zisome taratibu, ziandike kama zilivyo pamoja na nafasi na mikwaruzo. Usisahihishe kitu. Maelezo haya usiyaache kwenye gumzo tu: gumzo humeza kila kitu, na viungo vya viambatisho vya programu ya gumzo ya Discord vikibandikwa kwingine hufa baada ya muda mfupi.

Wanaorekodi maonyesho, machache. Tafuta ruhusa. Angalia kwanza kama mwanamuziki anauza rekodi zake mwenyewe: Autechre wamekuwa wakitoa rekodi kamili za maonyesho yao tangu 2015, na hakuna kinasa sauti cha mfukoni kitakachoifikia sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye meza yao. Kama hakuna, weka biti 24 na 48 kHz, ambayo kwa stereo hula takriban GB 1 kwa saa, na kadi iliyopangwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Zima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja, maana kila ngoma ikipiga utausikia muziki ukizama na kuibuka kama mtu anayepumua. Vilele viwe karibu na -12 dB. Simama karibu na meza ya fundi sauti, katikati ya spika mbili. Kinachoharibu rekodi nyingi za muziki huu ni besi: ikiilemea maikrofoni yenyewe, kushusha kiwango kwenye kinasa hakusaidii, na hakuna programu itakayoirudisha. Vaa vizibo vya masikio. Tunayahitaji masikio yenu miaka mingine arobaini.

Suala la pesa nalo lisemwe waziwazi. Shabiki anayepakia albamu inayouzwa, kisha anajiita mtetezi wa mwanamuziki, anajidanganya. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya dijitali na 10 ya santuri na bidhaa nyingine, kisha hutolewa makato ya malipo, na kinachobaki kinamwendea msanii au lebo yake. Tangu Machi 2020 kuna siku maalumu za Ijumaa ambapo Bandcamp inasamehe sehemu yake. Ukipanga kununua albamu tatu, zisubirishe siku hiyo. Kwa santuri za zamani, fungua historia ya mauzo kwenye Discogs, utazame bei ya kati na tarehe ya mauzo ya mwisho. Bei anayoitaka muuzaji ni maombi yake tu. Na muulize picha ya santuri yenyewe chini ya taa kali, si ya jalada.

Ukitaka kuona pesa za mashabiki zikitumika kwa heshima, soma habari za albamu ya Caustic Window, lile jina jingine la Richard D. James. Ilitengenezwa mwaka 1994, zikachapwa nakala chache za majaribio, haikutoka. Mwaka 2014 nakala moja ilitokea Discogs kwa dola 13,500. Mashabiki wa kundi la We Are the Music Makers hawakuinunua kimya kimya wala kuivujisha. Walikubaliana kwanza na lebo, wakafungua mchango kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter, na kila aliyechangia akapata nakala ya dijitali. Zilipatikana zaidi ya dola 67,000. Santuri yenyewe ikapigwa mnada eBay, ikachukuliwa na Markus Persson, aliyebuni Minecraft, kwa dola 46,300, na mapato yakagawanywa kati ya wachangiaji, mwanamuziki na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Tazama mpangilio: ruhusa, kisha bei inayojulikana na wote, kisha mchango, kisha mgawo uliotangazwa. Makundi yanayojaribu kuiga jambo hili huanza na mchango, ndiyo maana huishia kwenye kesi za "pesa zetu ziko wapi". Ukiombwa kuchangia ununuzi wa kundi, uliza maswali manne: nani anashika pesa, mwenye haki amekubali kwa maandishi, kitu kikikosekana tunarudishiwaje, na kikipatikana kinakaa kwa nani. Pasipo majibu hayo, usitoe hata senti.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kundi la muziki la Boards of Canada liliwapa mashabiki wao kazi nyingine. Siku ya Maduka ya Santuri, Aprili 2013, santuri isiyotangazwa ilipatikana kwenye duka la Other Music jijini New York. Ndani yake sauti ya mashine ilisoma tarakimu sita. Vipande vingine vikajitokeza kwenye redio, televisheni na mtandaoni, hadi zikatimia seti sita za tarakimu sita sita, ambazo zilifungua tangazo la albamu ya Juni mwaka huo. Aliyekuwa na kipande aliweka sauti yenyewe ili kila mtu aisikie. Angeweka tafsiri yake tu, akakosea tarakimu moja, wote wangekwama. Weka ghafi kwanza, dhana zako ziweke chini yake, na uzitenganishe kwa mstari.

Lipo eneo moja ambalo ustadi huu wote haupaswi kugusa. Mwanamuziki wa Uingereza anayejiita Burial alitoa albamu mbili bila kujulikana ni nani. Mwaka 2008, albamu yake ya pili ilipoteuliwa kuwania tuzo ya Mercury ya Uingereza, gazeti lilianza kumsaka, naye akaandika jina lake, Will Bevan, na kuweka picha. Alisema mwenyewe, ingawa alisukumwa. Mashabiki wenye akili za kufuatilia alama za sauti wanaweza pia kufuatilia nyumba ya mtu, watoto wake, namba ya gari kwenye picha. Usifanye. Akifanya mwingine, usisambaze hata kwa kukanusha, mwarifu msimamizi na ufute nakala yako. Na ukiona faili limetoka kwenye kompyuta ya mwanamuziki iliyoibiwa au akaunti iliyovunjwa, liache. Nyimbo ambazo hajazimaliza ni zake.

Kuna upande wa pili wa haya yote, na wasimamizi wakali waukumbuke. Mapema mwaka 2015 zilimwagwa kwenye tovuti ya muziki ya SoundCloud nyimbo zaidi ya 100 kwenye akaunti isiyo na jina la msanii, neno "user" na msururu wa tarakimu tu. Zilikuwa za Aphex Twin kweli. Aliyezipuuza kwa sababu ya jina la akaunti alikosea kama anayeamini kila kitu kwa sababu ya jina la faili. Kijana akija na faili, mpe dakika kumi za Spek kabla ya kumpa jina la mwongo.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia, rudi na chapisho jipya. Kichwa kisiseme "Aphex Twin 1996". Kiseme: "Naomba msaada kutambua wimbo, dakika 6 sekunde 41, chanzo hakijulikani". Chini yake weka picha ya Spek ya wimbo mzima, kisha maelezo: dari kali kwenye 16 kHz, kwa hiyo ulipitia MP3, kasi ya mdundo uliyoipima na namna ulivyoihesabu, hakuna mistari ya vumbi, au ipo na inaishia wapi, uzi wa 19 kHz upo au haupo, alama ya SHA-256, tarehe uliyolipata na njia uliyolipatia, bila jina la aliyekupa kama hajaridhia. Weka kipande cha sekunde 30, si wimbo wote. Kisha orodhesha majina matatu manne ya wasanii ambao umeshawalinganisha ukakuta siyo, ili mwingine asirudie kazi yako.

Picha uliyonitumia nimeitazama tena. Kwenye dakika ya 4 kuna mwachano mfupi ngoma zinaponyamaza, sekunde 6 hivi, na chini kabisa kuna mistari miwili ya mlalo iliyofifia. Anzia hapo. Pima kama ni 50 na 100 au 60 na 120, uniandikie ulichokuta.